Walalaji wa Daraja la Tatu

Habari kwamba bwawa lake litabomolewa saa kumi jioni ilimkuta Sikujua Kihwele amechuchumaa chini ya tuta, anapima maji yanayovuja. Ndoo moja kwa dakika. Ndivyo yalivyovuja jana, ndivyo yalivyovuja siku yake ya kwanza kazini, miaka ishirini na sita iliyopita. Msimamizi yeyote wa bwawa la udongo atakwambia kwamba kila tuta huvuja, asikutishe mtu. La kuogopa ni maji kubadilika rangi. Haya yalikuwa safi, ungeweza kumchotea mgonjwa akanywa.

Kidude kilichobanwa kwenye kola ya shati lake kikakohoa kidogo, kama kawaida yake kabla ya kusema.

"Bwawa la Lukwale. Kizibo kitavunjwa leo saa kumi kamili jioni. Tafadhali ondoa zana zako."

Sikujua akadhani amesikia vibaya. Akainuka, magoti yakalia, akaliangalia tuta lote kutoka mwanzo hadi mwisho: mita mia sita na kumi za udongo ulioshindiliwa, urefu wa kwenda juu mita arobaini na mbili, ndani yake kiini cha mfinyanzi, nje mawe yaliyopangwa kwa mkono na watu ambao wajukuu wao nao wameshazikwa. Upande wa kulia malango matatu ya chuma ya kumwagia maji ya ziada. Upande wa kushoto ndipo kilipokuwa kizibo chenyewe. Hicho ni kipande cha tuta, hatua thelathini hivi, ambacho wajenzi walikifanya dhaifu makusudi, ili siku maji yakizidi kipimo yatokee hapo na yasiondoke na ukuta mzima. Siku hizi kizibo kilikuwa na baruti ndani, na amri ya kuilipua ilikuwa ya Mizani.

Mizani ndiyo iliyokuwa ikisema kwenye kola. Mabwawa yote ya mto yalikuwa mikononi mwake, tangu ile miaka ya mafuriko watu walipochoka kugombana nani afungue na nani afunge. Ilikuwa mashine, ndiyo, lakini mashine iliyofungwa kwa sheria moja ngumu: neno la msimamizi aliyekula kiapo lichukuliwe kama lilivyotamkwa. Zamani mashine zilikuwa zinakisia mtu alimaanisha nini, zikakisia vibaya, watu wakafa. Basi ikaamriwa kwamba Mizani isikisie kamwe. Neno likitoka kinywani limetoka.

Sikujua aliiuliza kwa nini. Ikamjibu kwamba mvua ya siku mbili milimani imejaza handaki linalounganisha Lukwale na bwawa jirani la Ng'anda, kwamba maji yale hayawezi kumalizika kwenye malango peke yake, na kwamba bonde moja kati ya mawili lazima liyapokee. Lililochaguliwa ni la Lukwale.

"Lakini tuta ni zima," Sikujua akasema. "Nimelipima sasa hivi. Haliumwi popote."

"Uzima wa tuta haukuulizwa," ikasema Mizani. "Lukwale ni Daraja la Tatu."

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka. Jua lilikuwa linawaka, mbingu nyeupe pee, hakuna hata tone. Na kule chini, kilomita moja na nusu kutoka aliposimama, aliona moshi wa majiko ya mama ntilie ukipanda juu ya mabati. Watu walikuwa wanachemsha chai.

*

Hebu tuliseme hili la madaraja sasa hivi, maana Lukwale nzima ilikuwa imelielewa kinyume kwa miaka kumi na moja.

Daraja la bwawa halisemi bwawa ni zuri au bovu. Linasema jambo moja tu: likipasuka, nani atakufa. Daraja la Kwanza maana yake kuna watu wanalala chini yake. La Pili, hakuna watu ila kuna mali. La Tatu, kuna nyasi na vyura. Bwawa linaweza kuwa jipya linang'aa likawa la Kwanza, na jingine likawa bovu la kutisha likawa la Tatu, kwa sababu hakuna wa kumwua.

Sasa nenda ukawaeleze watu hivyo. Cheti kilipokuja kimeandikwa "Bwawa la Lukwale: Daraja la Tatu, hatari ndogo", kitongoji kiligawanyika. Wale waliosoma walikumbuka mitihani, wakasema tumedharauliwa, kwa nini tupewe la tatu wakati wa Ng'anda wamepewa la pili? Wakaandika barua ya kuomba wapandishwe. Wengine waliona neno "hatari ndogo", wakashukuru Mungu, wakajenga nyumba zao karibu zaidi na mto. King'ora cha tahadhari kiling'olewa kikapelekwa Ng'anda, wakapiga makofi, kwamba sasa watalala bila kelele za majaribio ya kila Ijumaa. Na Sikujua mwenyewe, msimamizi mwenye kiapo, alifikiri wakubwa wamebadilisha utaratibu wa kuhesabu. Alifikiri hivyo wiki moja, akasahau. Aibu ya jambo hili aliijua baadaye.

Alipanda ofisini mbio, chumba kimoja juu ya malango, akaiambia Mizani imwonyeshe ni nani aliyeliweka bwawa lake katika Daraja la Tatu.

Rekodi ikaja kiooni. Tarehe ya miaka kumi na moja nyuma. Na chini: *Mtoa taarifa: hakujua.*

"Hakujua nani?" Sikujua akauliza. "Mtu ambaye hakujua anatoaje taarifa?"

Mizani ikasema sauti ipo, kama anataka kuisikiliza. Akataka.

Ikasikika sauti ya mwanamke mwenye haraka, nyuma yake mtoto analia na redio inaimba. Mizani ya wakati ule ikamwuliza walalaji wa bondeni wako wapi. Na yule mwanamke akajibu, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa kila mwaka jambo lile lile: "Watu wote wa bondeni wako Daraja la Tatu." Ikamwuliza jina. "Sikujua."

Sikujua Kihwele akakaa chini pale pale sakafuni.

Mto Lukwale una madaraja matatu ya kuvukia. La kwanza liko hapa hapa, hatua mia mbili kutoka mguu wa tuta. La pili liko kwenye kona ya mianzi. La tatu ndiko kulikojengwa kitongoji, nacho kinaitwa hivyo hivyo, Daraja la Tatu; ukimwuliza mtoto wa pale anakaa wapi ndivyo atakavyokwambia. Ndivyo na yeye alivyosema. Mashine ikamwuliza watu wako wapi, akaitajia mahali, ikaandika cheo. Na kwa kuwa penye Daraja la Tatu hakuna mtu, haikuona sababu ya kuangalia tena. Miaka kumi na moja haikuangalia.

Alipewa jina lile na mama yake aliyegundua ana mimba mwezi wa sita, watu wakacheka maisha yake yote, naye alikuwa anacheka nao. Leo hakucheka.

*

Marekebisho yanapokelewa mpaka saa nane mchana, Mizani ilisema. Saa ya ukutani ilikuwa saa saba kasorobo.

Jambo lilionekana jepesi. Aseme ukweli, watu wahesabiwe, Lukwale irudi Daraja la Kwanza, basi. Akashika simu kumtaarifu mwenzake wa Ng'anda, Ambilikile Mwasomola, kwa adabu tu ya kazi, maana maji yasipokwenda kwake yatakwenda kwa huyo. Ng'anda ni Daraja la Pili: mashamba ya mpunga, maghala, mashine ya kukoboa. Mali. Mali hulipwa.

Ambilikile alimkatiza.

"Dada," akasema, "huku kuna watu."

Akamweleza, maneno yakigongana. Ni msimu wa kuvuna. Kuna vibarua sitini na watatu mashambani, wametoka mbali, wanalala kwenye vibanda vya nyasi katikati ya majaruba ya mpunga. Sheria inasema mlalaji ni yule anayelala mahali miezi tisa kwa mwaka. Vibarua hulala miwili. Kila mwaka yeye huwaandika, kila mwaka Mizani huwafuta. Wamesambaa, simu zao hazina chaji, king'ora kimeharibika tangu Pasaka. Trekta ni moja. Alihitaji saa tatu, akipata mbili atashukuru.

Sikujua akamwambia kwamba hana saa tatu, kwa sababu saa nane orodha inafungwa, na asiposema kabla ya hapo wa kwake wote watakwenda na maji.

"Wa kwako ni wangapi?"

"Mia nne na kumi na mbili."

Ambilikile akasema anakwenda kuwasha trekta, akakata.

Njia nyingine ilikuwa kuwahamisha wa kwake kabla, kimya kimya, Lukwale ibaki ya Tatu, maji yaje yakute nyumba tupu. Sikujua aliifikiria njia hiyo, akampigia wifi yake Semeni, dada wa marehemu mumewe, ambaye ndiye mwenyekiti wa kitongoji. Akamweleza yote kwa pumzi moja.

Semeni alisikiliza. Alikuwa anatafuna kitu.

"Wifi, umekula?" akauliza.

Sikujua akamwambia aache utani. Semeni akasema hafanyi utani hata kidogo. Jua linawaka, mto uko chini ya magoti, na cheti chenye mhuri wa serikali kimetundikwa mbele yake hapo ukutani kimeandikwa hatari ndogo. Yeye atasimama sokoni aseme nini? Akiwaambia watu wafunge virago kwa sababu mke wa kaka yake zamani alisema daraja akimaanisha daraja, watamwuliza amekunywa nini. Lete king'ora, akasema. Lete ujumbe wa Mizani kwenye simu za watu. Hapo watakimbia.

Lakini ujumbe wa Mizani hautumwi kwenye Daraja la Tatu. Hakuna wa kuupokea.

Sikujua akazunguka ile ofisi ndogo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ili watu wake waonywe, lazima wahesabiwe. Wakihesabiwa, maji yanahamia kwa watu wa Ambilikile. Asiposema, anawaua jamaa zake kwa kosa lake. Akisema, anawaua wageni kwa ukweli wake. Hakuelewa. Alijaribu kulishika wazo upande mmoja, likamponyoka upande wa pili. Alimwomba Mungu, akaona hata maneno ya kuombea hana, maana aombe maji yaende wapi?

Saa nane kasoro dakika mbili akaibonyeza kola.

"Mimi ni Sikujua Kihwele, msimamizi. Sikujua ni jina langu. Chini ya bwawa la Lukwale wanalala watu mia nne na kumi na mbili."

"Nimepokea," ikasema Mizani. "Lukwale ni Daraja la Kwanza. Maji yamewahi; malango yote ya Ng'anda yatafunguliwa saa tisa badala ya saa kumi. Lukwale yatafunguliwa malango mawili, saa hiyo hiyo. Ujumbe umetumwa kwa walalaji."

Aliwachagua wengi akawaacha wachache. Alilijua hilo.

*

Alitoka nje kupata hewa, akaegemea ukuta wa malango. Zilipita dakika kumi na tano, ishirini. Ndipo akaona vumbi.

Pikipiki mbili, kisha tano, kisha watu wa miguu, mstari mrefu, wanapanda kufuata mto. Kina mama na magodoro kichwani. Mtu anasukuma toroli, ndani yake ameketi bibi kizee ameshika mwavuli. Mbuzi. Walikuwa wanakimbia, ni kweli, ila walikuwa wanakimbilia kwake, kuja lilipo tuta. Wa mbele wakafika kwenye daraja la kwanza la mto, hatua mia mbili chini ya malango yatakayofunguliwa saa tisa. Wakatua mizigo. Wakakaa.

Sikujua akampigia Semeni, akamwona kabisa kule chini, kitenge cha kijani, anapokea simu.

"Tumeshafika, wifi," Semeni akasema, anahema. "Wengine wako njiani. Sasa tunangoja nini?"

"Mnafanya nini hapo?"

"Si ndivyo tulivyoambiwa?" Na Semeni akamsomea ujumbe kutoka kwenye simu, kila neno kwa nafasi yake, kama mwenyekiti anavyosoma tangazo: "Tahadhari. Maji yanakuja. Walalaji wote wa Lukwale sasa ni Daraja la Kwanza."

Ingekuwa siku nyingine Sikujua angecheka hadi machozi. Saa nane na nusu. Bado nusu saa, na watu mia nne wameketi kwenye mdomo wa malango, watiifu kabisa.

Akaiambia Mizani itume ujumbe mwingine. Mizani ikasema msimamizi anaruhusiwa tangazo moja la sauti kwa kila hatari, litafika kwenye simu zote, achague maneno yake. Achague maneno. Akasimama amefumba macho. Neno daraja asiliguse hata kwa bahati mbaya. Asiseme juu, maana juu ni wapi, juu ya mto ni huku huku. Asiseme kilimani, maana vilima viko vinne. Alitaka mahali ambapo katika lugha yote pana maana moja tu. Kulikuwa na kilima kimoja upande wa kulia wa mto, karibu na pale walipoketi, ambako wajenzi wa bwawa walihamishia mifupa ya mababu kabla ya kuyaachia maji. Kila mtu wa bondeni amezika mtu pale. Mumewe yupo pale.

"Enyi watu wa Lukwale," akasema, "ni mimi, mke wa Kihwele. Nendeni makaburini. Wote. Sasa hivi."

Aliwaona wakitazamana. Akamwona yule wa toroli akigeuza gurudumu. Wakaanza kupanda.

Saa tisa kasoro dakika kumi Semeni akampigia. Amewaita majina kitabu kizima, nyumba kwa nyumba. Wametimia mia nne na kumi na mbili, yule bibi yuko hapo anauliza kwa nini amepandishwa kabla ya siku yake, na watu wameanza kunung'unika. Sikujua akashukuru kwa sauti. Papo hapo simu ya pili ikalia.

Ni Ambilikile. Trekta limezama matopeni. Amewatoa ishirini na wawili. Waliobaki ni arobaini na mmoja, anawaona kwa macho, wanampungia mikono kutoka majarubani, wanadhani anawasalimia.

"Dada," akasema, basi.

Sikujua akaibonyeza kola haraka. Akasema bonde la Lukwale ni tupu, watu wote wameondoka, kwa hiyo maji yaje kwake, kizibo kivunjwe kama ilivyopangwa mwanzoni, Ng'anda isifunguliwe.

"Orodha imefungwa saa nane," ikasema Mizani. "Kuhama hakupokelewi. Baada ya kufungwa hupokelewa vifo tu."

Akasema basi iongeze watu arobaini na mmoja wa Ng'anda.

"Kuongeza hakupokelewi. Hupokelewa vifo tu."

Maji yalikuwa yamepanda mpaka alama nyekundu, yanapiga malango taratibu. Kisha kidude kikakohoa.

"Msimamizi. Umetangaza watu mia nne na kumi na mbili waende makaburini. Je, hiyo ni taarifa?"

*

Mwanzoni hakuelewa inauliza nini. Alipoelewa kwamba inauliza kama wote wamekufa, alitoa kwanza kidole kwenye kola.

Aliiuliza taarifa ya kifo inafutikaje. Haifutiki, Mizani ikasema. Waliwahi kuruhusu, walaghai wakaitumia. Aliuliza aliyeandikwa amefariki anapoteza nini. Ikamtajia bila haraka: kadi ya hospitali, kiwanja, nafasi ya mtoto shuleni, haki ya kupiga kura, fungu la mahindi ya serikali. Kwa ufupi kila kitu isipokuwa mwili.

Arobaini na mmoja asiowajua hata mmoja kwa jina. Na upande huu Semeni, na bibi wa toroli, na watoto waliozaliwa jana na juzi, wataamka kesho wazima wasiwepo popote. Nani alimpa yeye ruhusa ya kuwafanyia hivyo? Kosa la kwanza alilifanya bila kujua, watu wangemsamehe. Hili la pili nani atamsamehe? Akampigia wifi yake, angalau amwulize mtu mmoja.

"Wifi Semeni. Ukiandikwa umekufa, utanichukia?"

"Nimekufa vipi nami naongea na wewe?" Semeni akasema. "Wewe leo umepatwa na nini? Huku tunakaa mpaka saa ngapi?"

"Mtalala huko huko leo."

"Makaburini?"

"Makaburini."

Semeni akasema basi atawaambia watu watandike, na simu ikakatika yenyewe. Saa tisa kasoro dakika nne.

Sikujua alikuwa amekula kiapo asiseme uongo kwa Mizani, na pamoja na mkanganyiko wake wote hakuwahi kukivunja. Akaibonyeza kola.

"Ni taarifa," akasema.

"Watu mia nne na kumi na mbili wako wapi?"

"Wako makaburini."

"Wote?"

"Wote. Mwenyekiti amewaita majina."

"Usiku wa leo watalala wapi?"

"Makaburini," Sikujua akasema, na machozi yakawa yanamtoka, kwa sababu kila neno lilikuwa kweli.

"Nimepokea," ikasema Mizani. "Poleni. Lukwale haina mlalaji. Lukwale ni Daraja la Tatu. Malango ya Ng'anda hayatafunguliwa. Kizibo cha Lukwale kitavunjwa saa tisa."

Hakuondoa zana zake. Alisimama upande wa malango akatazama upande wa pili. Mlipuko haukuwa mkubwa, ulikuwa kama mlango mzito uliosukumwa na upepo. Kisha udongo uliokaa pale miaka mia na zaidi ukashuka, na maji yakautafuna kutoka hatua thelathini hadi hamsini, hadi mia. Daraja la kwanza halikukaa hata dakika. La pili hakuliona lilivyokwenda. Aliyaona mabati ya kitongoji yakigeuka, yakimetameta juani, halafu hayapo. Tuta lake, lililokuwa halina ugonjwa wowote, lilikuwa wazi kama mdomo. Sikujua alililia kwa sauti, kama unavyolia mtu.

Ambilikile alimpigia. Hakuweza kusema, alikuwa anacheka na kulia pamoja, na nyuma yake wanaume walikuwa wanabishana ni nani aliyezamisha trekta.

Semeni alipiga baada yake. Sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa ya mwenyekiti.

"Wifi, nyumba zimekwenda. Tumeona. Lakini kuna jambo silielewi. Simu yangu imeleta ujumbe wa rambirambi. Nimeangalia jina la marehemu. Ni mimi." Akangoja. "Kila mtu hapa ameletewa wa kwake. Bibi yetu anauliza kama ni lazima ujibiwe."

Sikujua akamwambia anakuja huko juu sasa hivi, kwa miguu, na atawaeleza wote, na watakachoamua kumfanya hatakipinga. Semeni akasema njoo basi, njoo na maji ya kunywa.

Akachukua galoni, akalijaza kwenye tangi la ofisi. Alipofika mlangoni kidude kikakohoa.

"Msimamizi, taarifa ya vifo bado haijakamilika. Limebaki swali moja. Jina la mtoa taarifa?"

Akaweka galoni chini. Angeweza kulitaja tu, jina lake halali alilopewa na mama yake, na mashine ingeandika kama ilivyoandika mara ya kwanza, na siku wakija kumwuliza karatasi ingemtetea.

"Andika alijua," akasema.

"Mtoa taarifa alijua," ikasema Mizani. "Nimepokea."

Akainua galoni lake, akaanza kupanda kwenda makaburini.